Nyonga ni Ipi Hasa?

Mama yangu mkubwa aliteleza bafuni alfajiri, akaangukia ubavu wa kulia, na hakuweza kuinuka. Tulipomkuta, mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo ulikuwa umegeuka kutazama nje. Hospitalini daktari alitoka chumba cha picha akatuambia kwa upole, "Mama amevunjika nyonga." Sote tukaitikia kwa vichwa, kila mmoja akiamini ameelewa.

Kumbe kila mmoja alikuwa ameelewa lake. Kaka yangu alijishika kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa, akasema mfupa ule ni mnene, utaunga wenyewe. Mama mdogo alikuwa akisikitikia tako. Mimi nilifikiria beseni zima la mifupa linalobeba tumbo, nikaogopa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameweka kiganja kwenye kinena, na hakuna aliyemtazama mkono.

Nikaomba nionyeshwe picha ya eksirei. Ufa ulikuwa umekata shingo ya mfupa wa paja, karibu kabisa na kile kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kiungo. Mfupa wa nyonga, wenye ukingo wake mpana na tundu lake kubwa chini, ulikuwa mzima.

"Daktari, hilo si paja?"

"Ni paja, lakini tumezoea kusema nyonga."

Nimeishi na jibu hilo kwa muda sasa, na sidhani kuwa linatosha. Neno nyonga tumelitwika mizigo minne. Tunaliita kwalo lile eneo la ubavuni kati ya kiuno na paja. Tunakiita kwalo kiungo ambamo paja huzunguka. Tunauita kwalo mfupa mmoja mpana ulio kila upande. Tena tunaliita kwalo duara zima la mifupa ambalo ndani yake mna kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo. Fundi cherehani ana yake ya tano, maana akipima nyonga huzungusha futi pale matako yalipo mapana kuliko kote, chini kabisa ya ukingo wa mfupa ambao mwalimu wa baiolojia angeuonyesha. Lipo neno fupanyonga, nami nalipenda, lakini nalo mara hutumika kwa mfupa mmoja, mara kwa duara zima.

Tuanze na mfupa wenyewe, kwa sababu unaweza kuguswa na mtu yeyote bila kitabu. Simama ujishike kiuno. Kile kigongo kigumu ambacho viganja vimekalia si kiuno, ni ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na sehemu hiyo huitwa iliumu. Kaa kwenye ubao mgumu, ingiza kiganja chini ya tako, uyumbe kidogo kushoto na kulia. Lile donge linalokusaga vidole ni iskiumu, nalo ndilo hubeba kiwiliwili chote ukiwa umekaa. Weka vidole chini ya kitovu, uteremke polepole katikati ya tumbo mpaka ukutane na mfupa. Hapo umefika pubisi, mahali ambapo upande wa kulia na wa kushoto hukutana kwa mbele na kuunganishwa na kipande cha gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbulika kama ya sikio. Kwa nyuma pande hizo mbili hushika mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa uti wa mgongo, na chini yake kuna kifandugu. Duara limefunga.

Kwa mtu mzima, iliumu, iskiumu na pubisi ni mfupa mmoja usio na mshono. Kwa mtoto ni mifupa mitatu kamili. Kila mmoja huanza kuwa mfupa kwa wakati wake tumboni mwa mama, wa juu ukitangulia, na mtoto anapozaliwa bado yote mitatu imetenganishwa na gegedu. Mahali inapokutana ni ndani ya kikombe cha kiungo, na gegedu linaloitenganisha lina umbo la herufi Y. Kwenye picha ya eksirei ya mtoto, Y hiyo huonekana kama mpasuko mweusi, na mzazi asiyeelezwa anaweza kushtuka akidhani mwanawe amevunjika. Hufunga wakati wa kubalehe, kati ya miaka 12 na 16 hivi, wasichana wakitangulia wavulana. Ndani ya kikombe hicho iskiumu huchangia kama sehemu mbili kwa tano, iliumu pungufu kidogo ya hapo, na pubisi moja kwa tano. Ina maana kwamba kila hatua tunayopiga inabebwa na mifupa mitatu iliyoamua kuwa mmoja mahali palepale uzito unapopita.

Ukingo wa juu, ule tunaoushika tukisema tumeshika kiuno, ndio huchelewa kuliko yote. Hauungani kabisa na mfupa mpaka mtu amevuka miaka 20. Ndiyo maana wanaotambua mabaki ya watu huutazama ili kukadiria umri wa kijana aliyefariki, na madaktari wa watoto wenye uti wa mgongo uliopinda huutazama ili kujua mtoto amebakiza kukua kiasi gani. Sehemu ya nyuma ya ukingo huohuo ndiyo madaktari huitoboa kwa sindano wanapohitaji uboho. Mfupa ambao wengi hawajui kuutaja ndio unaoulizwa habari za damu, umri na ukuaji.

Na kutokuwa na jina si ugonjwa wa Kiswahili peke yake. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alizieleza sehemu za mfupa huu lakini mfupa mzima hakuupa jina moja. Waliomfuata wakaufanya upungufu huo kuwa ndiyo jina lenyewe, wakauita kwa Kilatini os innominatum, yaani mfupa usio na jina. Madaktari walifundishwa jina hilo karne baada ya karne. Mwaka 1895, wataalamu wa anatomia walipokubaliana mjini Basel, Uswisi, kupunguza majina ya mwili yaliyokuwa yamefika kama 50,000 yabaki kama 5,000, mfupa huu uliandikwa os coxae, mfupa wa nyonga. Hata hivyo lile jina la kale halijafa, bado unaweza kulikuta vitabuni.

Kwa nini mfupa mkubwa hivi ukose jina? Nadhani ni kwa sababu ya umbo lake, na nimelifikia wazo hilo kwa kuushika mkononi. Mfano wa plastiki niliopewa na rafiki anayefundisha wauguzi ulinizungusha akili. Nusu ya juu imetandazwa kama sikio la tembo likitazama upande mmoja. Nusu ya chini imejisokota ikatazama upande mwingine. Katikati ni kikombe, na chini ya kikombe kuna tundu ambalo vidole vyangu vitatu vilipita. Ukiugeuza kila upande, haufanani na kitu chochote cha nyumbani. Watu wa kale waliita walichokitambua. Waliuona mzunguko mzima wakauita pelvis, beseni. Waliona shimo la kiungo wakaliita acetabulum, kikombe cha siki cha mezani. Waliona ncha ya uti wa mgongo wakaifananisha na mdomo wa ndege. Mfupa huu wenyewe ukabaki bila mfano.

Lile tundu lina kisa chake kidogo. Jina lake la Kilatini, foramen obturatum, maana yake ni tundu lililozibwa, na mwanafunzi anayeshika mfupa mkavu huona wazi kwamba halijazibwa na kitu. Kwa mtu aliye hai limefunikwa na utando mgumu, umeacha upenyo mdogo tu juu wa kupitisha neva na mishipa ya damu. Aliyelipa jina alikuwa anautazama mwili wenye nyama, nasi tunajifunza kwa mifupa iliyochemshwa. Ni vema kulikumbuka hilo kila tunapoona jina linapingana na macho yetu.

Kikombe ndicho kilichopata majina mazuri kuliko sehemu zote, na hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Katika Iliad, utenzi wa vita wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, shujaa Ainea anapigwa jiwe pale paja linapozunguka kwenye nyonga, na mshairi anasimama kidogo kueleza kwamba watu hupaita mahali hapo kikombe. Katikati ya vita, somo la anatomia! Na katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Mwanzo sura ya 32, Yakobo anashindana usiku kucha mpaka anaguswa akateguka, na wafasiri hawakuandika nyonga, waliandika uvungu wa paja. Waumini wamelisoma neno hilo vizazi na vizazi wakaelewa bila kamusi, kwa sababu kila mtu anajua uvungu wa kitanda ni nini: nafasi iliyo chini, isiyoonekana, ambayo kitu huingia kikatulia.

Uvungu! Neno lilikuwa mikononi mwetu muda wote huu, na bado tunakaa kubishana kama tuandike asetabulamu au asetabulumu. Sina ugomvi na maneno yaliyotoholewa. Nimeyatumia hapo juu na nitaendelea kuyatumia, kwa kuwa mwanafunzi atakutana na Kilatini hata hivyo. Ninachokataa ni kuyafanya yawe ndiyo majina pekee. Mtoto anayekariri iliumu, kisha mwezi unaofuata anafika kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba akaambiwa ni ileumu, amepewa herufi moja ya kutofautisha mfupa na utumbo. Wanafunzi wa udaktari duniani kote hukwama hapohapo kwa Kilatini. Hakuna sababu ya sisi kuuhamishia mtego huo nyumbani kwetu.

Wenzetu wamefanyaje? Wajerumani huiita mitatu hii Darmbein, Sitzbein na Schambein: mfupa wa utumbo, mfupa wa kukalia, mfupa wa aibu. Wachina nao huita iskiumu mfupa wa kukalia na pubisi mfupa wa aibu, na neva kubwa inayoshuka nyuma ya paja huiita neva ya mfupa wa kukalia. Mkulima wa Kijerumani na daktari wake hutumia neno lilelile. Mgonjwa akiambiwa Sitzbein imevunjika anajua papo hapo kwa nini kukaa kunamtesa. Jina limekwisha kufanya nusu ya kazi ya maelezo.

Lakini la aibu naomba tusiliige. Tunalo neno kinena, neno safi ambalo mama anaweza kulitamka mbele ya wanawe na muuguzi akalitamka mbele ya mzee, na mfupa wa kinena tayari unasemwa. Iskiumu iwe mfupa wa kukalia, kama ilivyo. Iliumu ina bawa, na hata Kilatini huiita hivyo sehemu yake pana, kwa hiyo bawa la nyonga lingetosha. Kikombe kiwe uvungu wa nyonga. Mzunguko wote uwe beseni la nyonga. Neno nyonga lenyewe, likisimama peke yake, liachiwe lile eneo la mwili ambalo kila mtu hulionyesha kwa kiganja, na likitajwa kitaalamu lisiende bila mwenziwe: kiungo cha nyonga, mfupa wa nyonga.

Nasikia watu wakisema haya ni mambo ya wanaisimu, kwamba mgonjwa anataka tiba, si msamiati. Nawajibu kwa habari ya mama mkubwa. Shingo ya mfupa wa paja ikikatika kwa mzee na kichwa kikahama, mishipa ya damu inayokilisha kichwa kile hupita kwenye shingo hiyohiyo, nayo mara nyingi hukatika pamoja nayo. Kichwa kinaweza kufa. Ndiyo maana wanapasua na kuweka kichwa cha chuma, na upesi, kwa sababu kila siku ya kulala chali humletea mzee nimonia, vidonda na damu kuganda. Mfupa wa kinena ukipasuka kwa mzee aliyeanguka vilevile bafuni, mara nyingi hakuna upasuaji: hupewa dawa za maumivu na husaidiwa kusimama na kutembea kadiri anavyoweza kuvumilia. Majeraha mawili tofauti, tiba mbili zinazopishana njia, na familia zote mbili zimeambiwa sentensi moja, "amevunjika nyonga." Jirani aliyemwona wa pili akipona bila kisu atakuja kumshauri wa kwanza akatae upasuaji, na atasema kwa nia njema kabisa kwamba yeye aliiona nyonga ikijiunga yenyewe.

Kaka yangu alisema karibu hayohayo. Alimwuliza daktari kama kweli ni lazima kumtoa mama nyonga. Daktari akaeleza kwa subira kwamba nyonga haitolewi, kwamba uvungu wake ni mzima na hautaguswa, kinachobadilishwa ni kichwa cha paja tu. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni paja. Basi nimeelewa." Akatia sahihi. Tulikuwa tumepoteza saa kadhaa kwa sababu ya neno.

Mifano mingine haikosekani. Mtu akigongwa na gari na beseni la nyonga likavunjika, damu nyingi inaweza kumwagikia ndani bila kuonekana, na msaada wa kwanza ni kumfunga mkanda mpana wa kulibana. Mkanda huo hufungwa usawa wa yale manundu mawili ya juu ya paja, yanayochomoza ubavuni ukiteremsha kiganja chini ya mfuko wa suruali. Mwambie msaidizi afunge nyongani, naye atafunga juu, kiunoni, ambako hautabana kinachotakiwa kubanwa.

Nundu hilohilo ndilo ambalo wengi hulionyesha wakisema nyonga inauma. Wakilalia ubavu haliwapi usingizi. Hilo ni la mfupa wa paja, na maumivu yake mara nyingi hutoka kwenye kano za misuli ya tako zinazojishikiza pale. Kiungo cha nyonga chenyewe kimejificha ndani zaidi, na kikiugua maumivu kwa kawaida huja kinenani. Kwa mtoto yanaweza kuja hata gotini: analalamika goti, goti linapigwa picha, goti ni zima, na ugonjwa uko juu kwenye kiungo cha nyonga. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti apimwe na kiungo cha nyonga. Hilo liandikwe kwenye kila kitabu cha afya cha Kiswahili kwa maneno ambayo bibi yake atayaelewa.

Sidai kwamba mpaka kati ya nyonga na paja ni rahisi kuuchora. Neno la Kilatini coxa lilikuwa nyonga. Lilipofika kwenye Kifaransa likawa cuisse, na kwenye Kireno likabaki coxa, na kote kuwili maana yake leo ni paja. Wafasiri wetu wa Mwanzo nao waliuweka uvungu kwenye paja. Lugha zimekuwa zikiteleza hapo tangu zamani, kwa sababu mwilini mahali hapo hakuna mstari. Kuna nyama nene, na chini yake mfupa mmoja umeingia ndani ya mwingine. Wanaoweza kuuona mstari ni wale wenye picha ya eksirei mbele yao, basi wao ndio wenye wajibu wa kuutaja.

Mama mkubwa alipasuliwa siku ya pili. Siku iliyofuata kijana wa mazoezi ya viungo alikuja na kigongo cha kutembelea chenye miguu minne, akamsimamisha kando ya kitanda.

"Mama, nyonga inaumaje leo?"

Alifikiri kidogo, mikono yote miwili imeshika chuma. "Nyonga haiumi, mwanangu. Kidonda kinachoma hapa ubavuni, halafu kuna kitu kinavuta huku kinenani nikikanyaga."

Yule kijana aliandika yote mawili.